Kusoma Miamba ya Kale Chini ya Bahari: Mwongozo Kamili wa Kupima Uwezekano wa Mafuta na Gesi

Mwaka 1983, kwenye Bahari ya Beaufort kaskazini mwa Alaska, kilichorongwa kisima kilichoitwa Mukluk. Dalili zote zilikuwa njema. Palikuwa na kuba kubwa la miamba, mchanga wa aina ileile inayotoa mafuta Prudhoe Bay, eneo kubwa la mafuta hukohuko Alaska, na kifuniko juu yake. Leseni na uchorongaji kwa pamoja viligharimu zaidi ya dola bilioni 1. Walipofika chini walikuta mwamba wenye madoa ya mafuta, lakini vinyweleo vyake, yaani vijitundu vilivyo kati ya punje, vimejaa maji ya chumvi. Mafuta yalikuwa yameingia humo, yakakaa, kisha yakaondoka zamani sana kabla ya mtu yeyote kufika.

Anayeanza kazi hii hudhani anatafuta mafuta. Kwa kweli anatafuta mfuatano wa matukio: mwamba upi ulitangulia, upi ukafuata, lini ukapata joto, lini ukakunjwa, na je, mlango ulifungwa kabla mgeni hajaingia au baada ya kuwa ameshatoka? Hatua zilizomo humu zote zinalenga swali hilo.

Kwanza tukubaliane maneno manne. Mwamba chanzo ni ule uliobeba mabaki ya viumbe yanayogeuka mafuta au gesi. Mwamba hifadhi ni wenye vinyweleo vya kuyapokea. Mwamba kifuniko ni ule usiopitisha, unaoyazuia yasipande. Mtego ni umbo linaloyakusanya mahali pamoja. Kwa Kiswahili cha kazini utasikia watu wakisema chanzo, hifadhi, kifuniko na mtego tu, nami nitafanya hivyo.

Hatua ya 1: Maliza kilichopo kabla ya kuomba kipya

Meli ya utafiti ni ghali mno, na mara nyingi kabatini kuna ripoti za visima vya zamani ambazo hakuna aliyezisoma kwa makini. Anza nazo. Orodhesha kila kisima ndani ya bonde lako la mashapo na mabonde jirani, kina chake, miamba iliyopitiwa, na dalili zozote za mafuta, hata zile zilizoandikwa kwa mstari mmoja.

Kisha tafuta ramani za uvutano zinazotokana na vipimo vya setilaiti. Uso wa bahari haujanyooka kabisa: mlima ulio chini ya maji huvuta maji kuuelekea, yakapanda kidogo juu yake, na setilaiti hupima kupanda huko. Kutoka hapo utaona mashapo ni manene wapi na mwamba wa msingi umeinuka wapi. Picha za rada za setilaiti nazo huonyesha utando wa mafuta juu ya maji. Utando ulioonekana mara moja unaweza kuwa wa meli iliyopita. Unaorudi mahali palepale katika picha za miaka tofauti unastahili kuwekewa alama.

Usisahau nchi kavu. Mwambatope wa Kimmeridge, uliozaa sehemu kubwa ya mafuta ya Bahari ya Kaskazini, unaonekana waziwazi kwenye majabali ya pwani ya Dorset, Uingereza. Mwanafunzi anaweza kuugusa kwa mkono, ilhali wenzake wanaufikia kwa kuchoronga kilomita kadhaa. Karibu kila bonde la baharini lina ukingo wake uliojitokeza mahali fulani ufukweni, na siku tatu ukiwa na nyundo na daftari hapo zitakufundisha mambo ambayo skrini haiwezi kukufundisha.

Hatua ya 2: Soma mitetemo, lakini usiiamini kama picha

Hapa ndipo utakapotumia muda mwingi kuliko pengine popote. Meli huvuta bunduki za hewa zinazolipua mapovu, sauti inashuka, inagonga mipaka ya matabaka na kurudi kwenye vipokezi vilivyofungwa kwenye kamba ndefu nyuma ya meli. Unachopewa mwishoni ni sehemu inayofanana na mkato wa keki, na udanganyifu huanzia hapo hapo. Mhimili wa wima ni muda wa sauti kwenda na kurudi, si mita.

Fanya hesabu mwenyewe ili ikukae kichwani. Sauti husafiri kwenye maji kwa takriban mita 1,500 kwa sekunde. Sakafu ya bahari ikionekana kwenye sekunde 2.0, nusu ya muda huo ni kushuka, kwa hiyo kina ni mita 1,500. Tuseme tabaka unalolitaka liko sekunde 3.0. Ukichukua kasi ya mita 2,500 kwa sekunde ndani ya mashapo, sekunde 0.5 za kushuka zinakupa mita 1,250, jumla 2,750. Lakini kama kasi halisi ni 2,800, jumla inakuwa 2,900. Tofauti ya mita 150 inatosha kulizamisha kuba lote na kuufuta mtego uliouchora kwa wiki tatu.

Chumvi ni mchokozi mkubwa zaidi. Sauti hupita ndani yake kwa takriban mita 4,500 kwa sekunde, haraka kuliko kwenye mashapo yanayoizunguka, hivyo chochote kilicho chini ya nguzo ya chumvi huonekana kimeinuka hata kama kimelala tambarare. Bonde refu kwenye sakafu ya bahari hufanya kinyume chake. Kwa hiyo ukiona kuba lililokaa sawasawa chini ya chumvi, au shimo lililokaa sawasawa chini ya korongo la sakafu, usiite mtego mpaka uwe umebadilisha muda kuwa kina kwa kasi zilizopimwa kisimani.

Baada ya tahadhari hizo, fanya hivi. Chukua kisima kilicho karibu na mstari wa mitetemo, tumia logi zake (vipimo vilivyochukuliwa ndani ya kisima) za sauti na za msongamano kutengeneza mtetemo wa kubuni, kisha uulinganishe na ule halisi mpaka vilele vikutane. Sasa unajua ni mstari upi wa mitetemo ulio kilele cha tabaka gani. Ufuate mstari huo kutoka sehemu moja hadi nyingine, uzunguke na kurudi ulikoanzia. Usipokutana na mwanzo wako, umevuka ufa bila kujua, au umeruka mstari. Rudia.

Halafu angalia jinsi mistari inavyoishia. Mistari inayolalia mteremko wa zamani ikipanda, inayokatwa ghafla kwa juu, inayoshuka kama mashapo ya delta yanayosonga mbele: kila mwisho wa aina hii ni sentensi. Kundi la mwanajiolojia Peter Vail ndilo lililotangaza njia hii mwaka 1977, likionyesha kwamba kupanda na kushuka kwa bahari ya kale kunasomeka kwenye mitetemo. Bahari iliposhuka, mito ilichonga ukingo wa rafu ya bara na kumwaga mchanga kwenye kina kirefu. Ilipopanda, tope laini lilifunika kila kitu. Tayari una wazo la hifadhi na la kifuniko, na hujachoronga hata mita moja.

Jambo la mwisho kuhusu mitetemo: kuna unene ambao haiwezi kuuona. Kanuni ya kazini ni robo ya urefu wa wimbi. Kwa kasi ya 3,000 na mawimbi 30 kwa sekunde, wimbi lina mita 100, kwa hiyo tabaka jembamba kuliko mita 25 halitatofautika vizuri. Mchanga wa mita 15 unaweza kuwa na thamani kubwa na usionekane.

Hatua ya 3: Yape matabaka umri

Visukuku vidogo ndivyo saa ya kazi hii. Foraminifera (viumbe vidogo vya baharini vyenye gamba), mabaki ya mwani wa chokaa, na chavua na spora za mimea hukaa ndani ya chenga za mwamba zinazopandishwa na tope la kuchorongea. Spishi moja huishi kwa muda fulani na kutoweka. Ukizipanga unapata umri.

Kuna kosa moja la kizamani. Chenga hazitoki chini peke yake. Kuta za kisima hubomoka, na visukuku vya juu vikashuka na kuchanganyika na vya chini. Kwa sababu hiyo, kwenye chenga usitumie mahali spishi inapoisha kadiri unavyoshuka. Tumia mahali inapoonekana kwa mara ya kwanza ukishuka, maana hapo ndipo ilipotoweka katika historia. Nilipoanza kazi nilipindua kanuni hii kwenye kisima kimoja nikapata tabaka kongwe lenye umri wa kijana. Aliyenisahihisha hakucheka, na nilimshukuru kwa hilo.

Visukuku pia hutaja kina cha maji ya wakati ule. Mchanga wenye viumbe wa maji marefu haukuwekwa ufukweni. Uliporomoka ukingoni mwa bara kama maporomoko ya chini ya maji, na umbo lake litakuwa la mifereji na feni, si la ukanda mrefu wa ufukwe. Gesi nyingi iliyogunduliwa katika bonde la Rovuma kuanzia mwaka 2010 imo ndani ya mchanga wa aina hiyo.

Hatua ya 4: Kihoji chanzo maabara

Maswali ni matatu, na yanaulizwa kwa mpangilio: kuna mabaki kiasi gani, ni ya aina gani, na yamepikwa kiasi gani.

Kiasi hupimwa kwa asilimia ya kaboni ya viumbe ndani ya mwamba. Chini ya 0.5 ni hafifu. Kati ya 1 na 2 ni nzuri. Juu ya 4 ni bora sana. Aina hupimwa kwa mashine ya Rock-Eval, inayopasha moto unga wa mwamba hatua kwa hatua na kupima kinachotoka. Kilele cha kwanza, S1, ni mafuta yaliyokwisha kuzaliwa. Cha pili, S2, ni yale ambayo mwamba bado ungeweza kuyazaa. Gawanya S2 kwa kaboni, zidisha kwa 100, unapata faharasa ya haidrojeni. Juu ya 600 ni mabaki ya mwani, mara nyingi ya maziwa ya kale. 300 hadi 600 ni ya bahari yenye planktoni na huzaa mafuta. Chini ya 200 ni ya miti na majani, huzaa gesi zaidi.

Mfano: sampuli ina kaboni asilimia 3 na S2 ya miligramu 12 kwa kila gramu ya mwamba. Faharasa ni 400. Hicho ni chanzo cha mafuta, mradi kimepikwa.

Kupikwa husomwa kwenye joto la kilele cha S2, liitwalo Tmax: mafuta huanza karibu na nyuzi 435 na kumalizika karibu na 470. Nambari hizo ni za mashine, si joto la ardhini, kosa ambalo hata ripoti zilizochapwa vizuri hulifanya. Linganisha na mng'ao wa vitriniti, yaani vipande vya mbao za kale vinavyong'aa zaidi kadiri vilivyopata joto. Kati ya asilimia 0.6 na 1.3 ni eneo la mafuta. Juu ya hapo ni gesi. Vipimo viwili vikipingana, tilia shaka sampuli kwanza. Tope la kuchorongea lenye mafuta ndani yake huipandisha S1 na kuishusha Tmax, na mwamba mbichi ukaonekana tajiri.

Sasa joto la kweli. Hesabu kina kutoka sakafu ya bahari, si kutoka usoni mwa maji. Chanzo kilicho mita 5,000 chini ya uso wa bahari, mahali penye maji ya mita 2,000, kimefunikwa na mita 3,000 tu za mwamba. Sakafu ikiwa na nyuzi 4 na joto likiongezeka nyuzi 30 kwa kila kilomita, chanzo hicho kiko nyuzi 94. Aliyehesabu kutoka juu ya maji angesema zaidi ya 150, akatangaza gesi mahali penye mafuta.

Tafuta pia vipindi ambavyo bahari zenyewe ziliishiwa oksijeni. Takriban miaka milioni 94 iliyopita tope jeusi lenye utajiri wa mabaki lilitanda pande nyingi za Atlantiki, kwa sababu hapakuwa na hewa ya kuyaozesha. Ukikuta tabaka la umri huo kwenye kisima chako, kagua sampuli zake kabla ya zote.

Hatua ya 5: Pima hifadhi kwa logi, kisha kwa jiwe lenyewe

Logi ni vipimo vinavyochukuliwa na vyombo vinavyoshushwa kisimani kwa waya. Anza na miale ya gama: ikiwa mingi ni mwambatope, ikiwa michache ni mchanga safi au chokaa. Kuwa macho na mchanga wenye madini ya feldispa mengi, ambao hutoa miale kama tope.

Halafu msongamano. Punje za mchanga wa kwatzi zina gramu 2.65 kwa kila sentimita ya ujazo, chokaa 2.71, maji 1.0. Logi ikisoma 2.32 kwenye mchanga, toa 2.32 kwenye 2.65, gawanya kwa 1.65, unapata vinyweleo asilimia 20.

Kisha ukinzani wa umeme, maana maji ya chumvi hupitisha umeme na mafuta hayapitishi. Mhandisi Gus Archie alitoa kanuni yake mwaka 1942 na bado tunaitumia. Maji yakiwa na ukinzani wa 0.05 na mwamba wote 20 (kwa omu-mita), gawanya 0.05 kwa mraba wa vinyweleo (0.20), yaani 0.04, unapata 1.25. Igawe kwa 20, chukua kipeuo cha pili: 0.25. Robo ya vinyweleo ni maji, robo tatu ni mafuta au gesi. Hesabu hii ni ya mchanga safi. Tope likiingia ndani ya mchanga, nalo hupitisha umeme, na kanuni itakuambia kuna maji mengi kuliko yaliyopo.

Ukiweza kupata mche wa mwamba, ule mkato mrefu wa duara unaotolewa mzima, usiache. Humo utaona kama vinyweleo vimeunganishwa. Vinyweleo asilimia 20 visivyowasiliana havina faida kwa mtu. Upasue kwa urefu, uumulike kwa taa ya urujuanimno: mafuta hung'aa. Kalisaiti, yaani madini ya chokaa, nayo hung'aa, kwa hiyo dondoshea kiyeyusho. Mafuta yatatiririka na kutia rangi, kalisaiti haitafanya hivyo.

Usiing'ang'anie aina moja ya hifadhi. Mwaka 2015, katika bahari ya Misri, ambako kwa miaka mingi watafutaji walikuwa wakifuata mchanga wa Delta ya Nile, hifadhi kubwa ya gesi ya Zohr ilikutwa ndani ya mlima wa kale wa chokaa.

Hatua ya 6: Kifuniko, ambacho wengi hukipitia haraka

Chumvi ndiyo kifuniko bora. Haipasuki kirahisi, husogea na kujifunga. Mafuta ya Tupi huko Brazili, yaliyogunduliwa mwaka 2006, yako chini ya tabaka la chumvi lenye unene wa karibu kilomita 2. Mwambatope nao hufaa, lakini chora kila ufa unaoupita na uulize uko hai mpaka wapi. Ufa unaofika karibu na sakafu ya bahari, wenye mashimo ya gesi juu yake, unakuambia mtego unavuja. Yaweza kuwa habari njema kwamba chanzo kipo, na mbaya kwa mtego huo huo.

Hapa pia utakutana na doa angavu kwenye mitetemo na mstari tambarare unaokata matabaka yaliyoinama. Vyote viwili hupendeza, maana huweza kuashiria gesi. Lakini gesi kidogo sana, isiyostahili hata kuchimbwa, hung'arisha mitetemo karibu sawa na gesi iliyojaa. Angalia kama ukingo wa doa unafuata mistari ya kina kilekile kuuzunguka mtego wote. Usipofuata, shaka yako izidi.

Kama kisima kipo, vipimo vya shinikizo havina porojo. Maji ya chumvi huongeza takriban baa 10 kwa kila mita 100, mafuta 7 au 8, gesi karibu 2. Chora nukta, na mahali mistari inapokutana ndipo mpaka kati ya mafuta na maji ulipo.

Hatua ya 7: Tengeneza kalenda ya matukio

Chora mstari wa muda, wa mamilioni ya miaka. Weka juu yake lini chanzo kiliwekwa, lini hifadhi, lini kifuniko. Chini yake weka lini chanzo kilifikia joto la kuzaa mafuta, kwa kuyaondoa matabaka moja baada ya jingine kutoka juu na kukokotoa upya kina na joto la kila wakati. Mwisho weka lini mtego ulijikunja, na lini ulitikiswa tena.

Mtego ulioundwa miaka milioni 20 iliyopita hauwezi kupokea mafuta yaliyozaliwa na kuhama miaka milioni 60 iliyopita, hata ungekuwa mzuri kiasi gani. Mtego uliojaa mapema kisha ukainamishwa baadaye humwaga, kama sufuria iliyoinuliwa upande mmoja. Kalenda ikikosa tukio hata moja lenye tarehe, usiache pengo tupu. Andika vipimo vipi vitaijaza.

Hatua ya 8: Toa kadirio, pamoja na shaka yake

Tuseme mtego una ujazo wa mwamba wa mita za ujazo milioni 500. Asilimia 60 yake ni mchanga mzuri: 300. Vinyweleo asilimia 20: 60. Mafuta asilimia 75 ya vinyweleo: 45. Mafuta hupungua ujazo yakipanda juu kwa sababu gesi iliyomo hutoka. Gawanya kwa 1.25: mita za ujazo milioni 36. Mita moja ya ujazo ni mapipa 6.29, kwa hiyo ni takriban mapipa milioni 226 chini ya ardhi. Ukiweza kutoa asilimia 35, ni kama milioni 79. Kisha rudia hesabu yote kwa nambari za chini na za juu, maana nambari moja peke yake ni kujidanganya.

Nafasi ya kufaulu huhesabiwa kwa kuzidisha. Chanzo 0.8, hifadhi 0.6, mtego 0.7, kifuniko 0.7. Jibu ni takriban 0.24. Wengi hushtuka, kwa kuwa kila nambari ilionekana nzuri ikiwa peke yake. Ukijikuta unazipandisha kidogo kidogo ili jibu lipendeze mkutanoni, mpe jedwali mwenzako ambaye hakushiriki, na ajaze nambari zake kabla hajaona zako.

Pembeni ya kila nambari andika sababu yake kwa sentensi moja na kipimo kinachoweza kuivunja. Kisima kikichorongwa na kutoka kikavu, ripoti hiyo ndiyo itakayofunguliwa kwanza. Irudie siku hiyohiyo, kabla kumbukumbu hazijajipamba, na utie alama kwenye kile kilichovunjika: chanzo, hifadhi, mtego au kifuniko. Mtego wa jirani, ulio juu ya chanzo hichohicho, unasubiri kupewa nambari mpya.